Freti za Fundi Saa

Bendi haimfukuzi mpiga rithim. Humsahau tu, kama watu wanavyosahau mwavuli mvua ikishakatika. Ndivyo yalivyomkuta bwana mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Rithim, hata wale wasiojua kwa nini anaitwa hivyo. Ijumaa moja alifika ukumbini na gitaa lake mgongoni, akapita mlango wa nyuma alioupita kwa miaka thelathini na moja, akakuta pale anaposimama yeye siku zote, kati ya ngoma na besi, pamewekwa kinanda kipya juu ya miguu ya chuma.

Kiongozi wa bendi alimwahi kabla hajauliza, akamkumbatia kama mwenye harusi anavyompokea mgeni.

"Kaka, leo kaa mbele utusikilize. Hiki kinanda kina kila kitu ndani. Rithim yenyewe unabonyeza tu."

"Unabonyeza," Rithim alirudia.

"Usinifikirie vibaya. Wewe ni mzee wetu, utabaki kuwa mzee wetu."

Akaletewa kiti na soda. Alikaa kwa nyimbo mbili, gitaa likiwa kati ya magoti, mkono wa kulia ukichapa paja wenyewe bila kutumwa. Alikuwa akingoja wimbo ulegee, wachezaji wakosee hatua, mtu mmoja tu ageuke aulize yuko wapi. Hakuna kilicholegea. Watu walicheza vilevile, na hilo lilimuuma kuliko kinanda chenyewe. Aliiacha soda nusu akaondoka, na mlinzi wa mlango wa nyuma akamkumbusha kwamba wanamuziki hawaruhusiwi kutoka kabla ya mapumziko.

Nyumbani alimkuta mkewe akipiga pasi sare yake ya kazi. Mama huyu alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini, mwanamke wa maneno machache na makali.

"Umerudi mapema."

"Ukumbini kuna joto."

Mkewe alimtazama yeye, akalitazama gitaa, akayajua yote. Akageuza kola ya sare na kuipiga pasi upande wa pili.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema.

"Mimi si mhunzi."

"Basi kaoshe vyombo, baba watoto. Hiyo haijapata kinanda chake."

Alicheka, maana ilichekesha, akaenda kuosha vyombo. Lakini sitii chumvi: kuanzia siku ile nyumba ilimwelemea. Watoto walikuwa wameshaoa na kuolewa. Mkewe aliondoka alfajiri na kurudi jioni, miguu imevimba, hana hamu ya mazungumzo. Rithim alibaki na gitaa. Na rithim, jamani, haipigwi peke yake. Miaka yote alishika sauti tatu kwa mpigo mmoja ili mwingine aimbe juu yake. Sasa akizishika chumbani ilikuwa kama kuitikia "karibu" na hakuna aliyebisha hodi. Alipiga kidogo, akaacha. Akapiga tena kesho yake, akaacha mapema zaidi. Alikuwa mpweke, na aliona aibu kusema, kwa sababu mtu mwenye mke na paa juu ya kichwa hatarajiwi kuwa mpweke.

*

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya ghorofa moja, wao chini, fundi saa na mkewe juu. Fundi saa alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Sakafu yake ilikuwa ndiyo dari ya Rithim, na kila jioni kwa miaka kumi na minane Rithim alikuwa amesikia sitari ya jirani yake, chombo cha nyuzi cha Kihindi, ikilia juu ya kichwa chake, wimbo uleule mmoja, wakati yeye akifunga kamba za viatu kwenda kazini. Hakuwahi kuusikiliza hasa. Nani husikiliza bomba la jirani likitiririka?

Asubuhi moja mjane alimwita kutoka kwenye ngazi.

"Shemeji, wewe una mikono mirefu. Njoo unitolee kitu juu ya kabati."

Kitu chenyewe kilikuwa kimefungwa shuka. Rithim alikishusha kwa uangalifu, na shuka ilipofunguliwa aliiona kwa karibu kwa mara ya kwanza: kibuyu kikubwa chini, shingo ndefu pana kama ubao wa kitanda, nyuzi chache juu na nyingine nyingi zimejificha chini yake. Freti zake, vile vizuizi vya shingoni vinavyogawa sauti, hazikupigiliwa kama za gitaa. Zilikuwa vipande vya shaba vilivyopinda, kila kimoja kimefungwa shingoni kwa uzi uliogeuka rangi ya chai.

"Mwanangu anakuja kunichukua," alisema mjane. "Zimebaki wiki saba. Kwake kuna kila kitu, hata lifti. Ila hii amesema haitaingia. Vitu vya baba vinaleta vumbi."

"Atasema mengi. Kijana ana haraka."

"Sina ugomvi naye. Ninachotaka, kabla sijaondoka, nisikie kile cha jioni. Mara moja tu. Unipigie."

Rithim alicheka, halafu akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Shemeji, mimi ni mpiga gitaa. Tena wa rithim."

"Nyuzi si nyuzi?"

"Daktari wa meno na daktari wa macho wote ni madaktari, lakini..."

"Jicho likiniuma na wa macho amekufa, nitamfuata wa meno," alisema mjane. "Nitafanyaje?"

Rithim akauliza kama hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumrekodi marehemu.

"Nani anarekodi kitu kinachopigwa kila siku?" alijibu mjane.

*

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walisema wahenga, na kidonda chenyewe kilianza siku ya pili. Sitari hupigwa kwa kitanzi cha waya kinachobanwa kwenye ncha ya kidole cha shahada, na kitanzi cha marehemu kilikuwa cha kidole chembamba. Kilimkaba Rithim mpaka ukucha ukawa wa buluu. Mkono wa kushoto nao ulikuwa na vidole vinne vyenye ujuzi wa miaka thelathini, na kwenye simu alimwona mwalimu mmoja akitumia viwili tu, akiuvuta uzi pembeni mpaka sauti ipande yenyewe bila kuhama freti. Vidole viwili vilivyobaki vya Rithim havikujua vikae wapi. Vilinyooka hewani kama wageni waliokosa viti.

Alikaa sakafuni, mguu mmoja chini ya kibuyu, mwingine umepita juu, na baada ya dakika kumi hakuwa tena na miguu. Mkewe aliporudi alimkuta akijiburuta kuelekea kitandani.

"Nimeoa babu," alisema mkewe.

"Umeolewa."

"Nimeolewa na babu, basi. Na ukiolewa wewe huko juu, unijulishe mapema nifunge virago."

Lakini alimletea maji ya moto na chumvi akaloweka kidole, na kesho yake akarudi kutoka kazini na kipande cha bandeji laini.

Wimbo aliupata vipande vipande. Nusu aliutoa kichwani mwake, maana kumbe dari hufundisha hata asiyesikiliza. Nusu nyingine mjane alimnong'onezea kwa pua, mdomo umefungwa, akiwa amekaa kwenye kiti na mikono mapajani. Sauti yake haikuwa ya kuimba. Kila walipofika mahali pamoja katikati ya wimbo, pale sauti inapopanda na kusimama kabla ya kushuka, mjane hakufika juu, alisimama chini kidogo.

"Hapo umeteleza kidogo, shemeji," Rithim alimwambia kwa upole, kama anavyomwambia mwimbaji mgeni. "Iko juu kidogo kuliko hapo."

Mjane alimtazama, akatikisa kichwa polepole. Siku hiyo hakunong'ona tena.

*

Wiki ya nne Rithim alijaribu jambo ambalo mpiga rithim yeyote angelijaribu. Alishika sauti tatu kwa pamoja. Kilichotoka kilimfanya afumbe macho. Akajaribu chini, akajaribu juu, kote sauti ziligombana. Akafungua ile programu ya simu anayotumia kulinganisha nyuzi za gitaa, ile yenye mshale unaosimama katikati ukiwa sawa, akapima freti moja baada ya nyingine. Kati ya ishirini, saba zilikataa. Moja, ya sita kutoka juu, ilikuwa mbali mno, mshale ulilala kabisa kushoto.

Akasikitika. Alijiambia kwamba chombo kimelala juu ya kabati miezi mitano, kimepata joto, kimepata baridi, freti zimeteleza. Masikini, hakuna wa kukitunza. Na hapa ndipo wema unapomponza mtu, kwa sababu hakuuliza. Kuuliza kungemgharimu ngazi kumi na nne. Alilowesha kidole gumba akaanza kuzisukuma freti mpaka mshale ukubali. Nyuzi kuukuu zilizoshika freti zilikatika mikononi mwake, akazitupa zote, akazifunga freti zote ishirini upya kwa uzi wa kuvulia samaki alioununua dukani, mafundo mazuri, imara. Shingo ilikuwa na mistari myeupe myeupe mahali freti zilipokaa miaka mingi, ikampa sura ya uchakavu. Akachukua dawa ya kung'arishia samani na kitambaa, akasugua jioni nzima mpaka mistari yote ikaisha na mbao ikang'aa.

Alipomaliza alishika sauti tatu, zikakaa pamoja kama ndugu. Alifurahi. Ilikuwa furaha yake ya kwanza tangu Ijumaa ile ya ukumbini, na alimwita mkewe kutoka jikoni aje asikie.

"Nzuri," alisema mkewe. "Kama gitaa."

Yeye akalichukua hilo kuwa sifa.

*

Mjane alikuwa amevaa vizuri na kupanga viti viwili, ingawa Rithim alikaa sakafuni. Saa za ukutani zilikuwa zimeshauzwa, rangi ya ukuta imebaki na miduara safi pale zilipokuwa. Rithim alivaa kitanzi, akapumua, akaanza.

Alipiga vizuri. Nalisema hili kwa haki yake, kwa sababu kwa wiki nne alikuwa ameumia. Uzi ulivutika, sauti ikapanda mahali pake, nyuzi za chini ambazo haziguswi zikaitikia. Alipofika katikati aliinua macho aone kama mwenzake analia.

Mjane hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa pembeni kama mtu anayesikia hatua za mgeni nje ya mlango.

"Simama kwanza, shemeji," alisema. "Umeisafisha."

"Nimeisafisha. Ilikuwa imechoka."

"Inang'aa."

"Dawa kidogo tu na kitambaa. Niendelee?"

"Huyo si yeye," alisema mjane.

Rithim aliona haya, akatazama vidole vyake. "Bado najifunza. Nipe wiki moja..."

"Si vidole. Vidole vyako ni vizuri kuliko vyake, Mungu amrehemu. Umefanya nini?"

Akamweleza. Alianza kwa fahari kidogo, habari ya mshale na freti saba, na kadiri alivyoeleza sauti ikampungua, maana uso uliokuwa mbele yake ulikuwa ukifungwa kama duka. Alipofika kwenye uzi wa kuvulia, mjane aliinua mkono.

"Nyuzi zake ziko wapi? Zile alizofunga yeye."

"Nilizitupa."

"Wapi?"

"Kwenye takataka. Lori lilipita Jumanne."

Mjane aliinuka, akapitisha kidole juu ya shingo ya sitari, kutoka juu mpaka chini, akitafuta ile mistari. Mbao ilikuwa laini kote. Kisha akafanya jambo baya kuliko kumfokea: akamshukuru. Akasema ahsante, shemeji, umejisumbua sana, umsalimie mama watoto. Akamsindikiza mpaka mlangoni, na Rithim alipokuwa ngazi ya tatu akasikia ufunguo ukizungushwa mara mbili.

*

Alimsimulia mkewe akiwa amesimama, bila kukaa. Mkewe alikuwa ameweka miguu kwenye beseni la maji.

"Nimemtengenezea kitu kibovu kikawa kizima," alisema Rithim. "Kosa langu ni lipi?"

Mkewe alichezesha vidole vya miguu ndani ya maji kwa muda.

"Mwaka ule nilipoanza kazi," alisema, "alikuja mama mmoja kaunta. Mwanawe amefariki wodini asubuhi. Akaomba apewe foronya aliyolalia. Mimi nikamwambia subiri, mama. Nikaifua, nikaikausha kwenye mashine, nikaipiga pasi, nikaikunja vizuri. Nikampelekea mwenyewe kwa mikono miwili. Nilidhani namtendea wema."

"Akasema nini?"

"Aliinusa. Akanishukuru, akaondoka. Sijawahi kukwambia."

Rithim akakaa. Alikumbuka namna mjane alivyoshusha sauti pale katikati ya wimbo, mahali palepale, kila mara, na namna yeye bingwa alivyomwambia ameteleza.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

"Sizungumzii kumwagika. Mimi yule mama sikumfuata. Sikujua hata jina lake." Mkewe alitoa miguu kwenye beseni. "Wewe wako yuko ngazi kumi na nne."

Siku tatu alibisha, siku tatu mlango haukufunguliwa. Alimsikia ndani akiburuta maboksi. Siku ya nne alikaa chini sakafuni nje ya mlango, sitari mapajani, akazungumza na mbao ya mlango kama mwendawazimu, jirani wa nyumba ya pili akimchungulia dirishani.

"Shemeji, sikuombi unisamehe. Nimeharibu. Lakini mimi siwezi kuirudisha, sikumbuki. Unayekumbuka ni wewe. Mimi nitakuwa mikono tu. Ukisema panda, napanda. Ukisema shuka, nashuka. Sitasema neno."

Jirani alichoka akafunga pazia. Kisha ufunguo ukazunguka.

"Utasema tu," alisema mjane. "Lakini ingia."

*

Wimbo ulitumia freti kumi na moja, na kila moja iliwachukua sehemu kubwa ya alasiri. Rithim alifungua fundo, akapiga uzi, akasukuma shaba kwa unene wa ukucha. "Panda," alisema mjane. "Umepita. Rudi. Hapana, ulipokuwa mwanzo." Simu waliifungia kabatini. Mara nyingine mjane alichoka akasema haijui tena, sauti mpya imemwingia kichwani na kuifukuza ya zamani, na hapo walikunywa chai mpaka irudi. Siku moja haikurudi kabisa. Rithim alishuka ngazi jioni ile akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua jukwaani: kwamba yupo mtu mmoja tu duniani mwenye sauti ile, na anaisahau kwa kosa lake yeye Rithim.

Ya sita waliiacha mwisho. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Shuka," alisema mjane.

Akashusha.

"Shuka."

"Shemeji..."

"Ulisema hutasema neno."

Akashusha tena, akapiga, na sikio lake lote la miaka thelathini na moja likapiga kelele. Sauti ile haikuwa mahali popote. Si ya gitaa, si ya sitari, si ya muziki wowote anaoujua.

"Samahani, lazima niseme. Hii si sawa. Hata yule mwalimu wa kwenye simu angekwambia si sawa."

"Najua," alisema mjane.

"Unajua?"

"Mwaka tuliooana alibadilisha uzi wa hiyo, akakosea kuifunga. Nikamwambia palepale, mimi nisiyejua muziki. Akasema, kesho nitairekebisha." Mjane alikunja mikono mapajani. "Fundi saa, mtu wa kufungua saa ya watu kwa kuchelewa nusu dakika. Miaka arobaini na moja, shemeji. Kila jioni nikifika hapo nakumbuka ile kesho. Shusha kidogo tena."

Alishusha kidogo tena. Mjane akafumba macho.

"Funga hapo," alisema.

Rithim alifunga. Fundo likawa baya kuliko yote aliyowahi kufunga.

*

Mwana alifika Jumamosi alasiri na teksi ikingoja barabarani. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu ya ofisini, akawapa watu mkono akitazama saa.

"Mzee, tunashukuru kwa kumwangalia mama," alisema. "Ila tuna safari ndefu, na dereva amesema mwisho saa kumi na moja."

"Kaa," alimwambia mama yake.

"Viti vimeshaenda, mama."

"Basi simama."

Rithim alikunja blanketi akakaa sakafuni. Chumba kilikuwa kitupu, na utupu uliifanya sitari iwe kubwa. Alipiga polepole, kwa vidole viwili, vile vingine viwili amevikunja ndani ya kiganja. Aliupandisha wimbo, akakaribia katikati, akafika kwenye freti ya sita na kuipiga bila kuionea haya. Mwana aliyekuwa akiandika kitu kwenye simu aliacha kuandika. Hakuinua kichwa, lakini kidole gumba kilisimama juu ya kioo na hakikushuka tena.

Mjane aliinuka akaingia jikoni. Jikoni hakukuwa na kitu, hata jiko lilikuwa limeshachukuliwa na mnunuzi, pamebaki bomba na rafu tupu. Akaita kutoka humo, kwa sauti ya kawaida ya mtu mwenye sufuria mkononi.

"Chakula tayari."

"Mama," alisema mwana, "huko hakuna chakula."

Rithim hakusimama. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amesikia kupitia dari namna mambo yanavyokwenda hapo juu: mama anaita, na fundi anaendelea kana kwamba hakusikia. Hakuna siku aliyoitika mwito wa kwanza. Basi akaendelea, akauzungusha wimbo upya, akapita tena kwenye ile freti. Teksi ilipiga honi. Mwana alikwenda dirishani akainua mkono kumwambia dereva asubiri, akabaki amesimama huko, mgongo kwao.

"Fundi," mjane aliita mara ya pili. "Kinapoa."

Rithim akaweka kiganja juu ya nyuzi.

Mjane alitoka na mkoba begani na macho makavu. Akavaa viatu taratibu, akishika ukuta.

"Ibaki kwako, shemeji," alisema. "Ukitaka kuirekebisha hiyo ya sita, irekebishe. Sasa ni yako."

"Nitairekebisha kesho," alisema Rithim.

Mjane alimtazama, akacheka, kicheko kifupi kilichomshtua hata mwanawe. Kisha wakashuka ngazi, mwana na masanduku mbele, yeye nyuma akihesabu kila hatua kwa mguu, na Rithim akasikia milango ya teksi ikifungwa mmoja baada ya mwingine.

*

Kesho yake mkewe alikuwa zamu ya jioni. Rithim aliweka sufuria motoni, akaona ni mapema mno, akazima moto. Juu hapakuwa na hatua wala kiti kinachoburutwa. Alichukua sitari, akakaa sakafuni, akakunja mguu chini ya kibuyu, na saa ileile ya kila siku akaanza.

Alipiga vizuri zaidi kuliko jana, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama. Alipanda, akafika katikati, akapita kwenye sauti isiyokuwa mahali popote, na mara hii haikumchoma sikio. Akashuka hadi mwanzoni. Wimbo ukamrudisha pale pale ulipoanzia, akauzungusha mara ya pili, na ya tatu, na ya nne. Hapo ndipo alipogundua kwamba katika wiki zote zile, kwa kunong'onewa na kwa kusikia darini, hakuwahi kufundishwa namna unavyoisha. Haukuwa na mwisho. Mwisho wake ulikuwa ukitoka jikoni.

Alitazama mlango wa jikoni kwake. Kidole kilikuwa kimeanza kutoa damu chini ya waya, na nje giza lilikuwa likiingia bila haraka. Mkewe hatarudi kabla ya saa tatu. Rithim alipangusa kidole kwenye suruali, akaurudia wimbo kuanzia juu.